Sifa Pilipili Ainamisha Macho

Alhamisi ile soko la Kamembe, ng'ambo ya mpaka kutoka Bukavu, lilikuwa limejaa watu, lakini upande wa vitenge ulikuwa umepoa kama nyumba yenye mgonjwa. Feza alilihisi jambo hilo kabla hajatua robota lake. Wateja walikuwepo, mvua ilikuwa imekatika tangu alfajiri, na wanawake wenzake wa Bukavu walikuwa wameshavuka mpaka na mizigo yao. Kilichokosekana kilikuwa kicheko. Miaka sita sasa, kila kitabu cha mchumba wake Byiringiro kilipotoka, siku ya pili yake hapakukalika upande huo kwa vicheko, hata wauza nyama walikuja kuuliza kuna nini.

Jirani yake wa meza, Josiane muuza sambaza, dagaa wa ziwani, alikuwa ameshika kitabu chembamba chenye jalada jekundu kwa ncha za vidole viwili.

"Feza," alisema bila hata salamu. "Bwana yako alimufanya nini Sifa yetu?"

"Alimufanya nini?"

"Soma weye mwenyewe. Miye nilisoma yote. Sikucheka hata mara moya! Nikafikiri niko mugonjwa, nikamupa Maman Elikia. Naye hakucheka. Sasa tuko bagonjwa babili."

Feza alitabasamu, akidhani ni utani. Vitabu vya *Soko la Mizimu* havikuwa vitabu vya kukosa kuchekesha. Vilimhusu Sifa Pilipili, mwanamke anayevuka kila asubuhi kutoka nchi ya walio hai kwenda kuwauzia mizimu pilipili, kwa kuwa mizimu haisikii ladha ya kitu kingine. Mpakani humkuta mlinzi mwenye vichwa vitatu: kimoja humwambia apite, cha pili humwambia afungue kikapu, na cha tatu husinzia. Katika kitabu cha nne Sifa alimwuzia mfalme wa mizimu kivuli chake mwenyewe, tena akampunguzia bei kwa sababu kilikuwa kimetumika. Wanawake wanaovuka mpaka kila siku walikisoma kitabu hicho mpaka kikachanika.

Na sokoni hapo hakuna asiyejua kwamba mdomo wa Sifa ni mdomo wa Feza. Byiringiro mwenyewe hakuwahi kuficha. Alipokuwa akiandika kitabu cha kwanza alikuja sokoni mchana, saa ya wateja wachache, akawasomea wanawake karatasi zake. Sharti walimpa wao: ukurasa usiochekesha, mmoja wao akisema "Chana!", unachanwa pale pale. Siku hiyo alichaniwa kurasa tano mfululizo. Alipofika pale Sifa anapozuiwa na mlinzi asijue ajibu nini, sauti ikatoka nyuma ya vitenge: "Ulizeni kwanza kile kichwa kinacholala, njo mukubwa wenu!" Soko likaanguka kwa kicheko. Byiringiro akainua macho kumtafuta mwenye sauti, na tangu siku ile hakuyatoa kwake. Mapenzi ni kikohozi, hayafichiki.

Sasa hiki kilikuwa kitabu cha tisa, na keshokutwa Jumamosi ilikuwa siku ya irembo: wazee wa Byiringiro wangekuja Gihundwe kubisha mlango kwa baba yake Feza na kumwomba rasmi. Kwa hiyo Feza alikaa juu ya robota lake, akafungua kitabu kwa furaha ya mtu anayefungua barua aliyoingojea.

Ukurasa wa tatu, Sifa anatupa kikapu chake cha pilipili ziwani, kwa kuwa mwana wa mfalme wa mizimu amemposa. Ukurasa wa kumi, yumo ikuluni, ameketi. Ukurasa wa ishirini, mwana wa mfalme anamwambia kwamba katika nyumba yake mke hatangulii kusema. Na Sifa, yule Sifa aliyemtoza mfalme hela ya kivuli, anainamisha macho na kujibu kwa sauti laini, "Ndiyo, bwana wangu." Feza aligeuza ukurasa akingoja hila itokee. Haikutokea. Sifa aliinamisha macho mpaka jalada la nyuma.

Feza alifunga kitabu.

"Na weye haukucheka," Josiane alisema polepole.

"Niangalilie meza," Feza alijibu, akasimama.

* * *

Papeteri ya Byiringiro, duka lake la karatasi na kalamu, ilikuwa kando ya barabara inayoteremkia Gihundwe, chumba kimoja chenye mashine ya fotokopi na harufu ya wino. Alikuwa peke yake. Alipomwona Feza mlangoni uso wake uling'aa, na moyo wa Feza, ule msaliti, ukaruka kama kawaida. Angalitaka uruke siku nyingine.

"Umesoma?" Byiringiro aliuliza, akijifuta wino vidoleni. "Nilikuwa nakungoja. Nilisema, nisimupigie simu, nimuache asome yote. Bon? Unasema nini?"

Jinsi alivyomtazama! Macho yale makubwa yaliyokuwa yakimngojea kila jioni afunge meza yake. Feza aliangalia pembeni ili apate nguvu ya kusema.

"Byiri, ule mwanamuke wa mu kitabu ni nani?"

"Ni Sifa."

"Apana. Sifa namujua. Ule simujue. Nakuuliza ni nani."

Tabasamu la Byiringiro lilianza kufifia. "Feza, ni zawadi. Ni zawadi yako ya irembo. Nilitaka kumupa Sifa heshima, awe malkia, apumzike kubeba kikapu. Nilikuwa nakuwaza weye."

"Na juu ya nini haukuisoma kwanza mbele ya banamuke? Vitabu munane ulisoma. Hii moya ukaificha."

"Zawadi hainaga kuonyeshwa watu mbele ya mwenyewe kuiona."

"Usinidanganye. Nakujua ukidanganya, unashika sikio."

Byiringiro alishusha mkono sikioni. Akakaa kwenye kiti cha mashine, maneno yakamtoka. "Maman alisema kitu. Si kwa ubaya! Alisema familia yetu yote inajua Sifa ni weye. Bashangazi banasoma. Banasema, mukazana, bibi ya mutoto, mwenye kupigia mizimu makelele, atashindwa kumupigia mama-mukwe?"

Feza angecheka kama neno lile lingemhusu mwingine. Maman Mukamurenzi, mama yake Byiringiro, alikaa huko Mibirizi, mwanamke mwenye sauti ya chini na mgongo ulionyooka. Mara tatu Feza alizokwenda kumsalimia, mama huyo alimpa chai, akamwangalia akiongea, asiongeze neno. Feza alirudi kila mara akijiuliza kama amesema mengi mno.

"Na weye ulimujibu nini?" aliuliza.

Byiringiro alirudia kujifuta wino vidoleni.

"Byiri. Maman yako alikuambia mudomo yangu ni ya aibu. Ulimujibu nini?"

"Nikaandika," alisema kwa sauti ndogo.

Hapo ndipo ilipomuuma. Maneno ya mama mkwe yanavumilika, hata bibi zetu waliyavumilia. Lakini mtu aliyempenda kwa sauti yake alikuwa ameisikia ikisemwa vibaya, akarudi nyumbani, akaifuta.

"Uliandika bibi unayemutaka," Feza alisema. "Kitabu muzima. Anainamisha macho, anasema ndiyo bwana wangu. Sasa mutafute huyo. Umuoe. Miye siye."

"Feza, ni kitabu tu!"

Lo! Katika maneno yote aliyokuwa nayo mwandishi yule, ndiyo aliyoyachagua hayo. Feza alimtazama kama anamtazama mgeni. Kwa miaka sita mtu huyu alikesha akitafuta neno moja la kumchekesha muuza sambaza, akasema hakuna kazi kubwa kuliko hiyo. Leo ni kitabu tu.

"Ambia bazee yenu Jumamosi babakie nyumbani," alisema.

Alitoka. Alitembea polepole makusudi, kwa kuwa alitaka kuitwa. Alijua Byiringiro amesimama mlangoni, alisikia macho yake mgongoni, na kila hatua alisema moyoni: niite sasa, sema lolote, hata la kijinga. Hakuitwa. Wanaume wengine Mungu amewajalia maneno ya kujaza vitabu, asiwaachie hata moja la kusemea mlangoni.

* * *

Nyumbani Gihundwe, baba yake, Papa Muderhwa, alikuwa amefungua tumbo la cherehani ya mteja, vipuri vimepangwa juu ya gazeti. Ndiyo kazi yake tangu walipokuwa bado wakiishi Bukavu. Kando ya vipuri kilikuwapo kitabu chekundu, miwani juu yake.

"Nilisinzia," alisema kabla binti yake hajauliza. "Cha munane kilinichekesha mupaka jirani akagonga ukuta. Hiki, nilisinzia na taa."

"Papa, Jumamosi hakuna."

Mzee aliweka chini bisibisi. "Juu ya kitabu?"

"Juu ya muntu mwenye kukiandika." Na Feza akamweleza yote, akilia waziwazi sasa, kwa sababu mbele ya baba hakuna biashara ya kulinda. "Papa, anataka ninyamaze. Miye nikinyamaza nitabaki nani?"

Papa Muderhwa alimwacha alie. Kisha akasema, "Mama yako, wakati namuoa, mwezi muzima hakusema kitu. Kwao balimufundisha vile. Nilifikiri nimeoa bubu. Siku moya bugali ikamuungulia, akaitukana ile sufuria, akaitukana na mama ya sufuria. Nikatoka inje nikacheka, nikasema, aksanti Mungu, bibi yangu ameingia."

Feza akacheka katikati ya machozi, jambo ambalo hakulitaka.

"Sitakusukuma mwanangu. Mulango ni yangu, nikisema ifungwe itafungwa. Lakini ulimuuliza kama alikosea kitabu, ao alikosea weye?"

"Alisema ni kitabu tu."

"Alikuwa anaogopa. Muulize tena akiwa ameacha kuogopa. Muntu mwenye kusema nimekosea, unaweza kuishi naye. Mwenye kurudilia ni kitabu tu, ule miye mwenyewe nitamufungia."

Feza alilala akiwa na swali hilo kifuani. Alimkasirikia Byiringiro, na alimtamani, na alijikasirikia kwa kumtamani. Simu ililia mara mbili, akaigeuza kifudifudi. Ilipoacha kulia akaigeuza tena kuona kama kweli imeacha.

* * *

Ijumaa saa sita za mchana, Josiane alimpiga Feza kiwiko. "Angalia."

Byiringiro alikuwa anakuja kati ya meza, shati alilolivaa jana bado limo mwilini, amebeba katoni ya vitabu vyekundu. Na nyuma yake, mwavuli mkononi, mushanana, vazi la heshima la kina mama, begani, alikuja Maman Mukamurenzi. Usoni alikuwa kimya kama siku zote.

Feza alishika kitenge akaanza kukikunja. Kilikuwa kimekunjwa tayari.

Byiringiro alitua katoni katikati ya njia. "Bamaman," alisema, "hii kitabu sikuipitisha kwenu. Vitabu munane nilileta, mukachana, vikatengenea. Hii nilificha juu niliogopa mutaichana. Leo nimeileta. Musinihurumie."

Alichukua kitabu, akafungua, akaanza kusoma kwa sauti. Wanawake walisogea, wengine na watoto mgongoni. Alisoma ukurasa wa kwanza wote. Hakuna aliyecheka. Lakini hakuna aliyesema "Chana!" pia. Wote walikuwa wanamwangalia yule mama mwenye mwavuli. Walijua ni nani, na hakuna mwanamke mwenye adabu, awe wa Bukavu au wa Kamembe, anayemwaibisha mtoto mbele ya mama yake mzazi. Josiane aliangalia sambaza zake.

Byiringiro akasoma ukurasa wa pili. Kimya. Akasoma wa tatu, kikapu kikatupwa ziwani, na bado kimya. Ilikuwa adhabu kubwa kuliko kuchaniwa. Feza alimwonea huruma mpaka neno la kuchana likamfika mdomoni. Akaliuma. Ni neno la wasomaji, na yeye leo hakuwa msomaji tu.

"Chana."

Sauti ilikuwa ya chini, karibu isisikike. Watu wote waligeuka.

"Chana, mwana wanjye," Maman Mukamurenzi alirudia, safari hii kwa nguvu. "Miye njo nilisema, weye ukaandika vile. Na miye mwenyewe nilisinzia mbele ya kufika ikuluni."

Josiane akashindwa kujizuia, akapasuka kwa kicheko, na wengine wote nyuma yake. Byiringiro alimtazama mama yake kama hajawahi kumwona. Akachana ukurasa. "Chana!" akapiga kelele Maman Elikia. "Na huu, chana!" Aliendelea kusoma mstari mmoja mmoja, wakampigia kelele, akachana, wakashangilia kuliko siku zote za nyuma, mpaka mkononi akabaki na jalada peke yake.

Ndipo alipopita katikati yao, akasimama mbele ya meza ya Feza.

Feza alimwangalia machoni. Hakuyainamisha yake. "Byiri, ulikosea kitabu, ao ulikosea miye?"

Byiringiro hakushika sikio.

"Weye," alisema. "Nilikukosea weye kwanza, njo kitabu ikaharibika. Siku ile Maman alisema mudomo yako vibaya, nilipaswa kujibu kwamba mudomo yako njo nyumba yangu. Sikujibu. Na jana nikasema ni kitabu tu, nikaongeza kosa juu ya kosa. Nimekosea, Feza. Hata ukikataa, nilitaka uisikie mbele ya batu."

Machozi yalimjaa Feza, na pamoja nayo kitu chepesi ambacho jana alidhani hatakisikia tena. Mkamia maji hayanywi, wahenga walisema; mtu huyu alikuwa ameikamia furaha yake mpaka karibu aimwage. Karibu tu. Lakini Feza alikuwa bado na mtu mmoja wa kumsikiliza.

Maman Mukamurenzi alikuwa amesogea. Alifunga mwavuli, akauegemeza mezani, akakaa juu ya robota la vitenge bila kukaribishwa.

"Jana jioni mutoto alinipigia simu, akasema bazee basiende. Nikamuuliza juu ya nini, akanieleza. Sikulala," alisema. "Mwanangu, mukobwa wanjye, miye nilizaliwa na nikakomalia Uvira. Nilikuwa na mudomo kukupita. Nikiuza samaki, ngambo banasikia. Nikaolewa, bakanifundisha kunyamaza, nikajua vizuri sana. Bwana yangu alikufa bila kusikia sauti yangu ya kweli. Nilifikiri ile njo heshima. Nikasema, acha nimupatie na mukazana. Kumbe vile vitabu munane nilikuwa nasoma usiku, nacheka peke yangu mu blanketi, juu ule Sifa alikuwa anasema yote yenye miye nilimeza."

Feza alizunguka meza, akapiga magoti mbele ya mama yule, akamshika mikono yote miwili. Ilikuwa mikavu na ya moto.

"Kumbe nikija kwako, Maman, ukinyamaza..."

"Nilikuwa nakusikiliza. Ukiondoka nyumba inakuwa ndogo."

Byiringiro alisimama pembeni na jalada lake, hajui aweke wapi mikono. Josiane alikuwa analia ndani ya kanga yake na kusingizia harufu ya sambaza.

"Bon," Maman Mukamurenzi alisema, akijifuta macho haraka. "Kesho tutakuya saa ine. Bazee yetu batasema maneno mingi, na bazee yenu batasema maneno mingi. Halafu baba yako atakuita, atakuuliza kama bapokee kinywaji yetu, njo kukubali ndoa. Miye siku yangu nilitikisa kichwa tu. Na muntu mwingine alisema kwa niaba yangu." Akamwinua Feza kwa mikono yake mwenyewe. "Weye ujibu na mudomo. Nitakuwa nimekaa nyuma kabisa, na masikio yangu imezeeka. Nataka nisikie."

Feza alimtazama mama, akamtazama Byiringiro, ambaye macho yake yalikuwa yanauliza swali hilo hilo bila kuthubutu.

"Maman," alisema, "nitajibu mupaka Bukavu basikie."